Darasa la kwanza la sanaa ya kioo: tanuri, kupuliza au dirisha la rangi?

Ukitafuta darasa la kioo kwa mtu asiyejua lolote, utakutana na mambo matatu yanayotangazwa pamoja kana kwamba ni kazi moja. La kwanza ni kioo cha tanuri: unakata vipande vya vioo vya rangi vikiwa baridi, unavipanga, kisha vinaingia kwenye tanuri la umeme na kushikana kwa moto hadi kuwa kipande kimoja. La pili ni kupuliza: kioo kimeshayeyuka, kinachotwa kwa bomba la chuma na kupewa umbo kingali kinawaka. La tatu ni dirisha la rangi, yaani vipande vilivyokatwa na kuunganishwa kwa madini laini ya risasi, au kwa utepe wa shaba na lehemu, bila kioo chenyewe kuyeyuka. Picha za matangazo zote zinavutia. Lakini kazi utakayoifanya kwa mikono yako katika saa zile za darasa inatofautiana sana, na utakachorudi nacho nyumbani pia.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa anayeanza napendekeza kioo cha tanuri, tena kozi ya wiki kadhaa kuliko darasa la jioni moja, kwa sababu ndiko mwanafunzi anakoachiwa maamuzi makubwa tangu siku ya kwanza. Hata hivyo wapo watu ambao ningewaambia waende kwenye kupuliza bila kusita, na wapo ambao dirisha la rangi litawafaa kuliko yote mengine.

Nani anashika kazi

Tuanze na kupuliza, maana ndiko kunakojulikana zaidi. Chungu cha kioo kilichoyeyuka hukaa kwenye joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi mchana na usiku. Kukizima na kukiwasha upya ni shughuli ya siku kadhaa, kwa hiyo karakana hukiacha kikiwaka kwa miezi, na gharama hiyo ya moto imo ndani ya ada unayolipa. Fundi anachota tonge la kioo kwa bomba, na kuanzia hapo muda unakimbia. Bomba lazima lizungushwe bila kukoma, kwa sababu kioo laini huvutwa chini kama asali na kuning'inia upande mmoja. Kikianza kukaza kinarudishwa kwenye tundu la moto kilegee, kisha benchi, kisha motoni tena. Kwenda na kurudi huko ndio ufundi wenyewe, na mikono huhitaji muda mrefu kuuzoea.

Mgeni wa saa moja hawezi kupewa hayo yote. Mwalimu ndiye anayechota, ndiye anayezungusha panapokuwa pagumu, na wewe unaketi kwenye benchi ukibana kwa koleo pale unapoambiwa, au unapuliza kupitia mpira mrefu huku yeye akilitazama umbo. Huo ni utaratibu wa haki, maana pana kioo cha moto na mtu ambaye hajawahi kukikaribia. Lakini mwisho wa siku sehemu yako katika kile kipande ni rangi uliyochagua, pumzi yako na mibano michache. Kipande kinalala kwenye jiko la kupozea usiku kucha, unakifuata kesho yake. Kama unachokitafuta ni kukaa karibu na moto ule na kuona kioo kikitii pumzi ya mtu, nenda, na hutajuta. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kabisa mara tu tonge la kwanza linapotoka chunguni.

Kwenye kioo cha tanuri hali inageuka. Kila kitu kinafanyika mezani, kioo kikiwa baridi, na hakuna anayekuharakisha. Unapanga, unapangua, unakwenda kunywa chai, unarudi na kuona kwamba ile bluu ilikuwa imekaa pabaya. Mwalimu anapita nyuma ya viti kutazama. Akikushika mkono ni kwa ajili ya kukata tu, na kukata ndiko kunakowatisha wengi.

Kikatio ni kalamu yenye gurudumu dogo gumu kwenye ncha, aghalabu lenye mafuta kidogo ndani ya mpini. Kazi yake ni kuchora mstari mwembamba wa ufa juu ya uso wa kioo. Kuachana kwa vipande kunakuja baadaye. Unaanzia ukingo mmoja, unaegemeza uzito sawasawa, unafika ukingo wa pili bila kusimama, na unapita mara moja tu. Sikio ndilo linalokuongoza: mkono ukiwa sawa unasikia mkwaruzo mwembamba usiokatika, ukikandamiza mno mstari unakuwa mweupe, unatoa chenga, na kioo kitapasukia kinakotaka chenyewe. Kurudia mstari juu ya mstari huharibu gurudumu na hakusaidii chochote. Ukishachora, unashika pande zote mbili za mstari, vidole gumba juu na vidole vilivyokunjwa chini, unapinda kwa nje. Unasikia mlio mmoja mkavu, na vipande viwili viko mikononi mwako. Mstari ulionyooka utaujua siku hiyo hiyo. Mpindo wa kuingia ndani, ule wa mwezi mchanga, ni kazi nyingine kabisa: unaondolewa kidogo kidogo kwa plaizi, kwa mistari mingi, na hata wazoefu huvunja.

Dirisha la rangi linatumia ukataji huohuo, ila halisamehe. Kwenye tanuri, vipande viwili vikiacha mwanya wa milimita moja kati yake, kioo kitalegea na kuuziba. Kwenye dirisha mwanya huo utabaki kuwa mwanya, na utauona kila siku jua likipita. Kila kipande lazima kilingane na mchoro, kisagwe kingo, kivishwe utepe wa shaba au kiingizwe kwenye mfereji wa risasi, kipakwe dawa ya kulehemia, halafu viungo vichomewe. Njia ya risasi ndiyo ya madirisha ya makanisa ya Ulaya tangu Enzi za Kati. Ile ya utepe wa shaba ilipata umaarufu kwa taa za karakana ya Tiffany huko New York mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo inayofundishwa zaidi kwa wanaoanza. Uzuri wake ni kwamba tanuri halihitajiki. Ukishajua, meza, kikatio, kinoleo na pasi ya kulehemu vinatosha kukufanyia kazi nyumbani. Anayependa kuchora ramani ya kitu kwanza na kuifuata bila kutoka nje ya mstari, huyo hapa ndipo pake.

Moto unaofanya kazi ukiwa umelala

Watu wengi hudhani tanuri ni sehemu ya mwalimu tu, hivyo hawaulizi lolote kulihusu. Hapo ndipo wanapopoteza nusu ya somo.

Kabla ya kioo kuingia, sinia la tanuri hupakwa unga wa udongo mweupe wa kaolini na alumina uliokorogwa kwa maji, au hutandikwa karatasi inayostahimili moto, ili kioo kisigandie. Kisha mashine ya tanuri inapewa ratiba. Ratiba moja ya kawaida, kwa vioo vya rangi vya aina ya 90 (namba hiyo nitaieleza mbele) vyenye unene wa jumla wa milimita 6, huenda hivi. Joto linapanda kwa nyuzi 220 hivi kila saa mpaka 677, linashikwa hapo nusu saa ili hewa iliyonaswa kati ya tabaka itoke pembeni kabla kingo hazijajifunga. Linapanda upesi zaidi hadi 804 na kukaa dakika 10, na hapo ndipo tabaka mbili zinapokuwa moja na uso unakuwa laini. Linaachwa lishuke haraka hadi 482, linashikwa saa nzima ili kioo chote, ndani na nje, kiwe na joto moja. Kuanzia hapo linashuka polepole, nyuzi 83 kwa saa, hadi 371, ndipo tanuri linazimwa na kuachwa lipoe lenyewe. Ukijumlisha, ni usiku mzima na sehemu ya siku inayofuata. Kwa hiyo darasa la jioni haliwezi kukukabidhi kitu chako palepale. Utaambiwa urudi baada ya siku kadhaa, mara nyingi wiki.

Mwalimu akisimamisha joto chini zaidi, kati ya 730 na 760, vipande vinashikana lakini kila kimoja kinabaki na mwinuko wake, ukipitisha kidole unausikia. Na ukitaka bakuli, lile bapa lililokwisha kuungana linawekwa juu ya kalibu ya udongo na kurudishwa tanurini mara ya pili, safari hii kati ya 630 na 680 tu, kioo kilegee na kuketi ndani ya kalibu bila kuyeyuka. Kwa hiyo bakuli ni mioto miwili. Darasa linaloahidi bakuli kwa siku moja linakuahidi kwamba mtu mwingine ataumalizia moto wa pili bila wewe kuwepo.

Jambo moja hapa linafundisha kuliko maelezo yote, na ningependa kila mwanafunzi alijaribu kwa makusudi. Kioo kilichoyeyuka hupenda kukaa kwenye unene wa milimita 6 hivi. Karatasi nyingi za kioo cha rangi zina milimita 3, ndiyo maana utaambiwa uweke tabaka mbili. Choma mraba wa tabaka moja peke yake hadi 804, uone: pembe zimejivuta kwenda ndani, kingo zimenenepa na kutoa vijisindano, na katikati, palipobaki pembamba, huenda pana povu la hewa lililojaa au hata tundu. Choma tabaka tatu na zenyewe zinatambaa kwenda nje, mraba unakuwa na tumbo. Mvutano wa uso wa kioo na uzito wake vinatafutana mpaka vikutane kwenye zile milimita 6. Aliyeviona vipande hivyo vitatu pamoja mezani hahitaji kukariri kanuni, na kila kitu atakachobuni baadaye kitaanzia hapo.

Vioo visivyopatana

Suala la pili ambalo darasa zuri halilikwepi ni kupatana kwa vioo. Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, kwa kiwango chake. Ukiunganisha viwili vyenye viwango tofauti, motoni vitaungana vizuri tu na utafurahi. Lakini vikipoa kimoja kitataka kusinyaa kuliko mwenzake, na mvutano huo utabaki umefungiwa ndani. Kipande kinaweza kupasuka tanurini, au kesho, au baada ya miezi kikiwa juu ya rafu bila mtu kukigusa.

Ndiyo maana vioo vya kazi hii huuzwa kwa makundi, hasa 90 na 96, namba zinazoeleza kiasi cha kutanuka huko. Kampuni ya Bullseye, iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka 1974, ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kutengeneza vioo vya rangi vilivyopimwa kwamba vinapatana, na kundi la 90 linafungamana na jina lake. Kioo cha kawaida cha dirisha kiko chini yao, kati ya 82 na 87 hivi. Chupa haina uhakika: ya kijani ya kiwanda hiki na ya kijani ya kiwanda kile si lazima zikubaliane.

Historia hiyo inaeleza pia kwa nini kupuliza kulitangulia kwa umaarufu katika madarasa ya siku hizi. Mfinyanzi wa Marekani, Harvey Littleton, alipofanya semina zake Toledo, Ohio, mwaka 1962, akionyesha kwamba msanii mmoja anaweza kuyeyusha kioo kwenye tanuri dogo nje ya kiwanda, kilichofuata ni wimbi la wapulizaji. Kioo cha tanuri kilikuwa kinangoja vioo vya rangi vinavyopatana. Ajabu ni kwamba kwa umri chenyewe ni kikongwe: watu walikuwa wakiunganisha vioo kwenye kalibu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupuliza kioo kwa bomba, jambo lililoanza kwenye pwani ya mashariki ya Mediterania mnamo karne ya 1 kabla ya Kristo.

Na Afrika hatukuachwa nje. Wakrobo wa Ghana wanatengeneza shanga kwa njia ambayo mwanafunzi wa kioo cha tanuri ataitambua mara moja. Chupa zinasagwa kuwa unga, unga unamiminwa kwa tabaka za rangi kwenye kalibu za udongo zilizopakwa kaolini, udongo uleule unaopakwa kwenye masinia ya matanuri ya umeme. Ili ushanga uwe na tundu, kikonyo cha jani la muhogo kinasimamishwa katikati ya kila shimo la kalibu. Tanuri la kuni likishika moto, kikonyo kinaungua na kuacha tundu limekaa sawa. Kwangu mimi hakuna utangulizi mzuri wa kazi hii kuliko huo, na nashangaa walimu wengi hawautaji.

Jioni moja au wiki kadhaa

Ukishachagua tanuri, bado kuna uamuzi wa pili, na huu ndio unaowagharimu watu zaidi.

Darasa la jioni moja hukupa mraba wa kioo kisicho na rangi uliokwisha kukatwa, visanduku vya chenga, nyuzi nyembamba na vipande vya kioo cha rangi, na gundi kidogo ya kushikiza. Unapamba. Pengine utakata vipande vichache. Mwalimu anachoma, unarudi kuchukua kisahani cha kuwekea kikombe au pambo la dirishani. Kwa zawadi, kwa kikundi cha marafiki, kwa mama na binti wanaotaka jioni ya pamoja, ni chaguo zuri na sina la kulipinga. Watoto nao wanaweza kushiriki pale vioo vinapotolewa vimeshakatwa. Lakini usitegemee kwamba ukitoka hapo unaweza kufanya peke yako. Hujui kioo kilikuwa cha kundi gani, hujui ratiba, na hujaona sinia likipakwa.

Kozi ya wiki kadhaa inakupa kitu ambacho hakiwezi kuwekwa kwenye jioni moja: kurudi kukiona kilichotoka. Wiki ya kwanza unapanga, ya pili unafungua na kuona kwamba nyekundu imegeuka kahawia karibu na moto, au kwamba uso umeota utando wa ukungu mweupe kwa sababu uliacha alama za vidole au kioo kilikaa mno kwenye joto ambalo uso wake huota chembe za fuwele. Unauliza, unasahihisha, unachoma tena. Kosa la wiki iliyopita linakuwa somo la wiki hii. Ndani ya kozi ya namna hiyo unatarajia kukata, kupanga tabaka, mioto ya viwango tofauti, bakuli moja angalau, na kusaga kingo kwa maji baada ya moto. Na kama mwalimu atakuachia uandike ratiba ya tanuri mwenyewe, hata mara moja, umepata kozi nzuri.

Kabla ya kulipa, ningeuliza yafuatayo kwa simu, na majibu yake yananitosha kuamua. Je, nitakata kioo mwenyewe au kitakuwa kimekatwa? Je, ada inajumuisha kioo na kuchoma, au kila moto unalipiwa peke yake kwa ukubwa wa kipande? Karakana nyingi hutoza kwa njia hiyo ya pili, na bei iliyoonekana ndogo inakua. Je, mko wangapi kwa mwalimu mmoja, na wangapi kwa tanuri moja? Je, kipande kikipasuka tanurini, nitaelezwa sababu? Swali hili la mwisho lina uzito wake. Mwalimu anayesema "hutokea tu" hajui, au hana nafasi ya kukufundisha.

Kuna njia ya kando inayouzwa sana kwenye mtandao: tanuri dogo la kuweka ndani ya maikrowevu. Linafanya kazi, kidani kidogo kinatoka kwa dakika chache. Lakini halipimi joto wala halipozi kwa ratiba, na kila maikrowevu ina nguvu zake, hivyo unakisia. Silipendekezi kama mwalimu wa kwanza. Baada ya kozi, kwa mtu anayejua anachokitafuta, sawa.

Afya

Watu huogopa moto, lakini kwenye kioo cha tanuri hatari iko mezani. Makali ya kioo kilichokatwa ni membamba kuliko wembe na damu hutoka kabla hujasikia maumivu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, miwani ya kinga wakati wa kukata, na ufagie meza kwa brashi, kamwe si kwa kiganja. Unga wa kioo na vumbi la sinia havifai kuvutwa. Karakana yenye busara inakupa barakoa ya kuchuja vumbi na inafuta meza kwa kitambaa chenye maji.

Kwa dirisha la rangi, tatizo ni risasi, iliyomo kwenye mifereji na mara nyingi kwenye lehemu pia. Inapita kwa mikono kwenda kinywani, kwa hiyo hakuna kula wala kunywa mezani, na mikono ioshwe kabla ya kuondoka. Mjamzito na mtoto mdogo wakae mbali nayo, au watafute darasa linalotumia lehemu isiyo na risasi. Kwa kupuliza ni joto lenyewe: nguo za pamba, si nailoni, nywele zifungwe, na mwenye shida ya presha au asiyevumilia joto aseme mapema. Kati ya njia tatu, tanuri ndiyo inayomwezekania mtu mwenye mikono dhaifu, anayetumia kiti cha magurudumu au aliyezeeka, na hilo peke yake limewafikisha wengi kwenye kazi hii.

Uko wapi?

Aliyeko Marekani au Ulaya hana shida ya kupata. Studio ya Jumba la Makumbusho la Kioo la Corning, jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka 1996, inafundisha njia zote chini ya paa moja, na kwa anayeishi karibu ni mahali pazuri pa kuonja kila moja kabla ya kuamua. Karakana ya UrbanGlass ya Brooklyn nayo ina madarasa ya kupuliza na ya tanuri. Miji mingi ya kawaida ina karakana ndogo ya mtu mmoja mwenye matanuri mawili nyuma ya duka, na mara nyingi hapo ndipo utapata muda mwingi zaidi wa mwalimu.

Afrika Mashariki picha ni tofauti, kwa sababu kioo chetu kinachojulikana ni cha moto na cha madirisha. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze alijenga karakana iliyojulikana kwa vioo vya rangi, pamoja na vile vya vipande vinene vinavyoshikwa kwa zege, na mwanawe Anselm Croze akaendeleza kupuliza kwa kuyeyusha mabaki ya vioo vya madirisha. Arusha kuna Shanga, karakana inayoajiri watu wenye ulemavu na kupuliza vioo kutokana na chupa zilizotumika. Ukiwa Nairobi au Arusha na hujawahi kuona kioo kikiyeyuka, anzia huko kwa macho kabla ya kulipia chochote popote.

Aliyeko Dar, Mombasa au Kampala na hakuna darasa la tanuri karibu, bado ana pa kuanzia. Tafuta mfinyanzi au chuo cha sanaa chenye tanuri la umeme lenye mashine ya kupangia joto, uombe nafasi ya sinia moja. Matanuri mengi ya ufinyanzi yana nyaya za joto pembeni badala ya juu, kwa hiyo panda polepole na weka kipande mbali na kuta. Umeme ukikatika katikati ya kupoza, usifungue mlango kuchungulia. Tanuri lililofungwa hupoa polepole lenyewe, na kipande kidogo mara nyingi hupona.

Kwa malighafi, nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini ukaombe vibaki vya kioo cha milimita 3 au 4. Kata vipande vyote kutoka karatasi moja, na suala la kupatana limekwisha, maana ni kioo kilekile. Kinataka joto la juu kidogo kuliko vioo vya sanaa na kinapozwa kuanzia karibu nyuzi 540. Rangi utaitia kwa enameli za kioo au kwa unga wa kioo hichohicho uliochanganywa na oksidi za ufinyanzi kidogo sana. Kina upande mmoja ulioelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka kiwandani, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959, na upande huo hutenda tofauti motoni, hivyo kabla ya kukata weka alama kwenye karatasi nzima ili vipande vyote vilale kwa upande mmoja. Usichukue kioo cha mlango wa gari wala cha bafuni: hicho kimekazwa kiwandani, na ukijaribu kukikata hakikatiki, kinasambaratika chote.